Kampuni za kuhamisha mizigo kwenye kazi za ujenzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa makandarasi, wasimamizi wa saiti na wenye majengo. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, Dodoma na Zanzibar, na mahali panapobidi tumegusa Kenya.

Kampuni ya kuhamisha inahusianaje na ujenzi? Si hawa ni watu wa sofa na friji?

Sofa na friji ndizo zinazowalisha, hilo halina ubishi. Lakini jengo lolote, tangu siku ya kubomoa ukuta wa kwanza hadi siku mwenyewe anakabidhiwa funguo, lina kazi ya kutoa na kuingiza vitu. Ofisi inayokarabatiwa lazima iondolewe meza, makabati na majalada. Hoteli mpya inasubiri vitanda, magodoro na makabati yapande ghorofani kabla ya mgeni wa kwanza. Mkandarasi anayemaliza kazi Mbagala na kuanza nyingine Dodoma anahama na saiti nzima: kontena la ofisi, mikisa ya zege, jenereta, mabomba ya jukwaa, mbao, stoo na kila kilichomo.

Kinachosahaulika ni kipande cha mwisho cha safari. Kioo kinatoka China, kinavuka bahari, kinapita bandarini, kinafika Masaki kikiwa kizima, kisha kinapasuka kati ya mkia wa lori na ghorofa ya tatu. Mita hizo chache ndizo watu wa kuhamisha wanazozijua kuliko mtu mwingine pale saiti, na ndizo ambazo bajeti nyingi za ujenzi hazijaziwekea hata mstari mmoja.

Nina vibarua wangu saiti. Kwa nini nilipe watu wengine wa kubeba?

Kwa mchanga, kokoto na tofali, tumia vibarua wako na usiongeze gharama. Ukifika kwenye umaliziaji, piga hesabu upya.

Chukua marumaru. Boksi moja la marumaru za sentimita 60 kwa 60 lina uzito wa karibu kilo 30 na hufunika mita za mraba 1.44. Nyumba yenye sakafu ya mita za mraba 400 inataka maboksi kama 280, yaani zaidi ya tani 8 za kupandisha ngazi. Ukiwaachia mafundi wa marumaru kazi hiyo, umewapotezea siku ambazo wangekuwa wanapiga kazi uliyowaitia. Ukiwaachia vibarua wasio na vifaa, maboksi yatashushwa kwa kona, na kona ya marumaru ndiyo inayoanza kumeguka.

Kikosi cha kuhamisha kinakuja na mikanda ya begani, matoroli ya kupandia ngazi, mablanketi, mbao za kutandika juu ya sakafu mpya na vikombe vya kushikia vioo. Kinakuja pia na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusimama na kupanga nani anapita wapi. Huyo wa kusimama ndiye wateja wengi humlalamikia: "Mbona yule bosi wenu habebi?" Mwondoe, uone watu wawili wenye kabati wanavyokutana kwenye ngazi na watu wawili wenye godoro.

Niwaite lini?

Kabla ratiba haijafungwa. Wengi hupiga simu wiki ya mwisho, wakati kuta zimeshapigwa rangi na geti limeshawekwa.

Kuna vitu ambavyo haviingii kwenye jengo lililokamilika. Tenki la maji la lita 5,000 halipiti kwenye mlango wa kawaida. Seifu kubwa ya benki, jenereta ya ghorofa ya chini, meza ya mkutano ya kipande kimoja, beseni kubwa la kuogea la kuchongwa: vyote hivi vinataka kuingia kabla ukuta fulani haujajengwa, au kupitishwa dirishani kwa kreni kabla fremu haijafungwa. Msimamizi wa kampuni ya kuhamisha akipewa ramani na orodha ya vitu vikubwa mapema, atazunguka na futi yake akuonyeshe mahali ambapo hapatapitika. Ziara hiyo mara nyingi haina malipo. Kubomoa ukuta uliopakwa rangi kuna malipo, na kuna maneno.

Nakarabati jengo ambalo watu wanalitumia. Ni lazima vitu vyote vitolewe?

Kama unapaka rangi na kubadilisha taa, si lazima. Unaweza kwenda kwa awamu: ghorofa moja inahamishiwa kwenye nafasi ya muda, mafundi wanaingia, wakimaliza inarudishwa, kisha inafuata nyingine. Hospitali na shule hufanya hivi kwa sababu haziwezi kufunga kabisa. Hapo kampuni ya kuhamisha inakuwa sehemu ya ratiba ya ujenzi, maana wasipotoa vitu Ijumaa jioni, mafundi hawana pa kuanzia Jumamosi.

Kama unagusa nguzo, mihimili, msingi au kuta zinazobeba jengo, jibu ni tofauti. Vitu vitoke na watu watoke. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Baada ya hapo serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Mwenye duka atakuambia mzigo wake ni mwingi na hana pa kuupeleka. Ni kweli, na ndiyo sababu gharama ya kuhamisha na kuhifadhi inapaswa kuwa ndani ya bajeti ya ukarabati tangu mwanzo. Mpangaji anayeambiwa "tafuta pa kwenda" bila gari wala stoo atabaki humo humo.

Mhandisi ndiye anayesema jengo lihamwe au lisihamwe. Kampuni ya kuhamisha haina mamlaka hayo, ila ikiona nyufa mpya au sakafu inayobonyea ina haki ya kukataa kuingiza watu wake, na ukikutana na kampuni inayokataa namna hiyo, ihifadhi namba yake.

Vitu vinakaa wapi wakati ujenzi unaendelea?

Njia mbili. Ya kwanza ni stoo ya kampuni, unalipa kwa mwezi. Ya pili ni kontena linaloletwa saitini. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo kama 33, la futi 40 kama 67. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ikipangwa na watu wanaojua, inaingia kwenye futi 20.

Kontena lina ubaya wake kwenye pwani yetu. Mchana linakuwa tanuri, usiku linapoa, na unyevu uliomo unageuka matone yanayodondoka kutoka kwenye paa lake. Godoro lililofungwa kwa nailoni likiwa na unyevu ndani litatoka na ukungu. Mbao za makabati zitavimba. Vitu vikae juu ya pallet, visigusane na kuta za bati, na yale matundu ya hewa yaliyopo juu yasizibwe na mabandiko. Kama kazi itavuka masika, lipia stoo.

Jambo jingine: saiti ina wizi. Kontena liwekwe mlango ukiangalia ukuta au kontena jingine, ili lisifunguke bila kusogezwa. Kontena tupu la futi 20 lenyewe lina zaidi ya tani 2, halisukumwi na watu wawili usiku.

Wanabeba saruji, nondo na mchanga?

Wachache sana, na wanaokubali si lazima wawe wazuri. Gari lililobeba saruji asubuhi halifai kubeba makochi jioni. Nondo za mita 12 zinataka semi, ndiyo maana kwenye fuso utaziona zimekunjwa katikati na kuburuza nyuma, jambo ambalo wahandisi hawalipendi hata kidogo. Vifaa vizito vya ujenzi viache kwa duka la vifaa na wenye malori.

Vioo, granite na jipsamu hubebwaje?

Hapa ndipo unapomtambua anayejua kazi.

Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kwa hiyo kioo cha milimita 10 chenye mita 2 kwa 3 kina kilo 150. Watu wawili hawatoshi, hata wawe na misuli ya namna gani. Kinasafiri kikiwa kimesimama kwenye fremu yenye mwinamo kidogo, kimefungwa, na kati ya kioo na kioo kuna kitu laini. Ukikilaza, uzito wake wenyewe na matuta ya barabarani vitakimaliza.

Granite ya milimita 20 ni karibu kilo 54 kwa mita ya mraba. Kaunta ya jiko iliyokatwa tundu la sinki ni dhaifu kabisa pale kwenye tundu, nayo hubebwa kwa ubavu huku upande mwembamba ukiwa umefungiwa ubao. Wauzaji wengi hawakuambii hilo. Wanakuletea, wanaegesha, wanaondoka.

Bodi za jipsamu zinabebwa kwa ubavu na kulazwa stoo, kinyume cha kioo. Zikiegeshwa ukutani kwa wiki moja zinapinda, na fundi wa dari atakulaumu wewe. Mahali pawe pakavu. Hakuna cha kuongeza.

Lifti ya jengo jipya inaweza kutumika?

Muulize mwenye lifti, yaani kampuni iliyoifunga, kabla hujaigusa. Wengi hukataa kabla ya makabidhiano, na wana sababu: vumbi la saruji linaingia kwenye reli za milango na mzigo unaobamizwa unaharibu kuta za ndani. Wakiruhusu, kuta zifunikwe kwa blanketi au plaiwudi na mtu mmoja asimamie lifti siku nzima. Angalia kibao cha uzito. Lifti ya watu 8 kwa kawaida ni ya kilo 630, ya watu 13 ni kilo 1,000. Zile kilo 630 ni maboksi 19 ya marumaru na mbebaji mmoja mwembamba.

Jengo lisilo na lifti ya kutumika lina ngazi, kreni au winchi ya saiti. Winchi ya kupandishia zege si ya kupandishia watu. Tumeona mambo.

Sakafu itabeba vitu vyote hivyo?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Sakafu za nyumba za kuishi, kwa viwango vya Kiingereza ambavyo wahandisi wengi wa huku wamevitumia kwa miaka mingi, husanifiwa kubeba mzigo wa karibu kilo 150 kwa mita ya mraba, na za ofisi karibu 250. Sasa fikiria pallet ya marumaru yenye zaidi ya tani 1 ikitua juu ya eneo la mita moja ya mraba katikati ya chumba. Au mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 iliyopangwa mmoja juu ya mwingine: nusu tani kwenye eneo dogo kuliko meza ya kahawa.

Slabu haianguki siku hiyo, ndiyo maana watu wanaendelea. Lakini zege changa linapasuka nyufa nyembamba zinazokuja kuonekana baadaye. Sambaza mzigo, uweke karibu na mihimili na kuta zinazobeba, na kabla ya kuingiza seifu au makabati ya majalada ya ukuta mzima mwulize mhandisi kwa maandishi. Karatasi zina uzito wa kushangaza.

Gari la aina gani linafaa, na mizani je?

Kirikuu kwa kifurushi cha karibu, kanta kwa mitaa yenye kona, fuso kwa nyumba nzima au mizigo ya umaliziaji, semi kwa kuhamisha saiti. Kosa la kawaida ni kuagiza fuso kwa ajili ya mtaa wa Sinza au Kinondoni ambako haliwezi kugeuka, kisha mzigo unabebwa mabegani mita mia mbili.

Ukitoka nje ya jiji kuna mizani. Gari lenye uzito wa jumla kuanzia tani 3.5 hutakiwa kupimwa, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Kikomo kingine kiko kwenye ekseli, na hicho ndicho kinachonasa watu: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana, 24 kwa tatu.

Fenicha hujaza gari kabla ya kufikia uzito. Marumaru hufikia uzito kabla ya kujaza gari, halafu mpakiaji anayetaka kushusha haraka huzirundika zote nyuma. Jumla iko sawa, ekseli ya nyuma imezidi, na pale kwenye mizani ya Vigwaza gari linawekwa pembeni wakati mafundi wako Dodoma wanasubiri. Kampuni inayojua inapanga marumaru chini, katikati, na fenicha juu na pembeni.

Mzigo unaozidi upana au urefu wa kawaida unataka kibali maalumu, kinachoombwa mapema. Ekskaveta ya tani 20 haipandi fuso. Hiyo ni kazi ya lobedi, yaani trela la chini la kubebea mitambo, na watu wake.

Dodoma imebadilisha nini?

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini mizigo ilianza kusafiri kwa wingi baada ya 2016. Majengo ya kwanza ya wizara pale Mtumba yalizinduliwa Aprili 2019, kisha yakajengwa makubwa ya ghorofa. Maana yake kwa wahamishaji ni kwamba ofisi nyingi zilihama zaidi ya mara moja: kutoka Dar hadi nafasi ya muda, kutoka hapo hadi jengo la kwanza, kutoka hapo hadi lile kubwa. Karibu kilomita 450 za barabara zinalegeza skrubu za kila meza ya ubao wa kubandika. Fenicha ya aina hiyo inafunguliwa kabla ya safari na kufungwa upya ikifika, na skrubu zake husafiri kwenye mfuko ulioandikwa namba na kufungwa kwenye meza yenyewe. Majalada hufungwa kwa mpangilio wa rafu, kila boksi na namba ya chumba kinakokwenda, kwa ramani ya jengo jipya. Jengo jipya ambalo vyumba vyake havijaandikwa namba milangoni siku ya kuhamia litageuza kazi ya siku mbili kuwa ya wiki.

Na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako gari haliingii?

Kule kazi ni nyingine kabisa. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, na ukarabati wowote unahitaji kibali cha mamlaka ya mji huo. Gari linaishia pembezoni. Kutoka hapo ni mikokoteni na mabega, asubuhi na mapema kabla vichochoro havijajaa.

Ndani ya nyumba kuna mtihani wa pili. Dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, karibu mita tatu. Boriti ikiwa imeoza ndani ya ukuta huwezi kuiona kwa macho. Kwa hiyo hakuna kurundika fenicha ya ghorofa nzima kwenye chumba kimoja ili mafundi wa chokaa wapate nafasi upande wa pili. Itolewe nje kabisa. Milango ya kuchonga hufunikwa na kuachwa mahali pake. Kuing'oa ni kazi ya seremala anayeijua.

Lamu, iliyoingia kwenye orodha hiyo hiyo mwaka 2001, bado inabebesha punda mchanga, mawe na saruji kutoka gatini. Kampuni ya Mombasa au Nairobi inayopokea kazi ya hoteli Lamu isipokubaliana mapema na wenye punda na wenye mashua, vitanda vitalala ufukweni.

Kikivunjika kitu, nani analipa?

Inategemea kilivunjikia mikononi mwa nani, na hilo linathibitishwa kwa karatasi. Dilivari noti isainiwe baada ya boksi kufunguliwa, au iandikwe "hayajafunguliwa". Picha zipigwe kabla ya kupakia na baada ya kushusha.

Bima ndiyo yenye utata. Bima ya mkandarasi kwa kawaida inalinda kazi ya ujenzi na vifaa vilivyoko saiti. Bima ya mhamishaji inalinda mzigo ukiwa safarini. Kati yao kuna nyufa: mzigo ulioko stoo, mzigo ulioshushwa getini lakini haujapokelewa, kioo kilichobebwa na watu wa pande zote mbili. Uliza kila upande, kwa maandishi, bima yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukijibiwa "usijali bosi, tutamalizana", jali.

Na mbebaji akiumia?

Kila mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kusajiliwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Omba uthibitisho. Saiti yenyewe iko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, hivyo wahamishaji wanapoingia wanavaa kofia ngumu, viatu na reflekta kama wengine, na wanasikiliza maelezo ya usalama kabla ya kuanza. Wanaokuja na ndala wasiingie, hata kama gari limeshafika na foleni iko nyuma. Kenya sheria ya fidia ya majeraha kazini ni ya mwaka 2007, na masharti ya geti la saiti ni yale yale.

Je, wanazoa kifusi, fenicha chakavu na paa la zamani?

Kifusi, hapana. Fenicha chakavu, ndiyo, kwa malipo. Paa la asbesto lisiguswe na mhamishaji wala kibarua. Vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Wasiliana kwanza na NEMC, baraza la mazingira, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Bei inapangwaje?

Kwa ujazo, umbali, ghorofa, idadi ya watu na saa. Anayekupa bei kwa simu bila kuona jengo atakuongezea siku ya kazi. Kazi ya usiku Kariakoo ni ghali zaidi lakini gari linafika. Muda wa kusubiri unalipiwa, na hapa makandarasi huumia: wameita kikosi saa mbili asubuhi, rangi haijakauka, watu wanakaa kivulini hadi mchana na saa inahesabu.

Fenicha iingie lini: kabla au baada ya makabidhiano?

Baada, ukiweza. Fenicha ikiingia kabla, kila mkwaruzo wa ukutani utakuwa na baba wawili. Mkandarasi atasema ni wahamishaji, wahamishaji watasema waliukuta. Kama mwenye jengo ana haraka, kama wenye hoteli wanavyokuwa kila Desemba, basi mkandarasi, mwenye jengo na mhamishaji wapite chumba kwa chumba siku moja kabla, wapige picha kuta, sakafu, fremu za milango na ngazi, wasaini orodha. Kona za kuta zifungwe kadibodi, sakafu itandikwe. Vitu vikubwa visiegemezwe kwenye ukuta wenye nyufa za plasta, maana ndani ya kipindi cha matazamio mkandarasi atatakiwa kurudi kuzirekebisha, na atakayehitajika kuvisogeza tena ni yule yule mhamishaji, kwa ankara mpya.